Kamba ya Madhabahu: Hisabati na Ibada katika Dini za India

Ndani ya ngome ya Gwalior, katikati ya India, kuna hekalu dogo la Vishnu lililochongwa katika jabali moja, na ukutani mwake yamo maandishi ya mwaka 876 ambayo wanahistoria wa hisabati hufunga safari kwenda kuyaona. Maandishi hayo yanahusu bustani ya maua. Yanaeleza kwamba imetolewa ardhi ya dhiraa 270 kwa dhiraa 187, na kwamba kila siku yapelekwe hekaluni makoja 50 ya maua. Kwenye 270 na kwenye 50, sifuri imechongwa kama kiduara kidogo, na mtoto yeyote wa darasa la kwanza angeitambua. Hiyo si sifuri ya kale kuliko zote, maana nukta yenye kazi hiyohiyo imo katika jiwe la Kambodia la mwaka 683. Hata hivyo ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu waliohitaji kuiandika walikuwa wanahakikisha kwamba mungu wao hakosi maua hata siku moja.

Sisi tunaosema Kiswahili tumeirithi alama hiyo pamoja na jina lake. Kisanskriti kiliiita shunya, yaani tupu. Waarabu walipozipokea hesabu za Kihindi katika karne ya 8 na ya 9 walilitafsiri neno hilo kuwa sifr, nalo likaingia katika Kiswahili likawa sifuri. Waarabu wenyewe hawakuficha asili ya mali hiyo, kwani mpaka leo tarakimu wanazoziandika huziita tarakimu za Kihindi.

Naanzia Gwalior kwa sababu mjadala kuhusu hisabati na maisha ya kiroho nchini India mara nyingi hupelekwa mahali pasipo na ushahidi. Kundi moja hudai kwamba Veda, maandiko matakatifu ya kale zaidi ya Wahindu, zilikuwa na kila kitu tangu mwanzo, na kwamba kazi iliyobaki ni kufumbua mafumbo tu. Kundi jingine hujibu kwamba dini ilikuwa vazi, na kwamba wanahisabati wa India wangefanya yaleyale hata kama wasingemwabudu yeyote. Nikizitazama matini zenyewe, naona makundi yote mawili yanaipita kando kazi iliyofanyika. Katika dini za India ibada ilikuwa jambo la kupimwa, kuhesabiwa na kupangiwa wakati wake, na kosa la kipimo lilihesabiwa kuwa kosa la ibada. Usahihi ulikuwa sehemu ya utii, na hapo ndipo hisabati ilipopata sababu ya kukua.

Tuitazame kamba. Matini za kale zaidi za jiometri zilizobaki nchini India huitwa Shulbasutra, na shulba maana yake ni kamba. Zilitungwa na makuhani wa Veda karne kadhaa kabla ya Kristo, Baudhayana akihesabiwa kuwa wa kwanza, na baada yake Apastamba, Manava na Katyayana, nazo ni maelekezo ya kujenga mahali pa kutolea sadaka. Tuseme kuhani anataka kupima uwanja wa sadaka ya soma, kinywaji kitakatifu cha ibada za Veda. Uwanja huo una umbo la trapeza: urefu wake kutoka magharibi hadi mashariki ni hatua 36, upande wa magharibi una hatua 30 na upande wa mashariki hatua 24. Apastamba anaelekeza hivi: pigilia vigingi viwili vilivyoachana kwa hatua 36, kimoja magharibi na kimoja mashariki, chukua kamba ya hatua 54, funga ncha zake kwenye vigingi hivyo, kisha tia alama hatua 15 kutoka ncha ya magharibi. Sasa ishike kamba kwenye alama uivute kuelekea kusini mpaka ikaze. Vipande viwili vya kamba vina hatua 15 na 39, ardhi iliyo kati ya vigingi ina hatua 36, na kwa kuwa 15 mara 15 ukijumlisha na 36 mara 36 unapata 1,521, ambayo ni 39 mara 39, kona iliyoko kwenye kigingi cha magharibi ni pembe mraba kamili. Pigilia kigingi kingine kwenye alama. Geukia kaskazini ufanye vivyo hivyo, na upande wa magharibi wenye hatua 30 umekamilika.

Fundi mwashi anayeseti msingi wa nyumba leo kwa kamba ya 3, 4 na 5 ili kona ikae skwea anaifanya kazi ileile. Baudhayana aliitamka kanuni yenyewe kwa ujumla wake: kamba iliyovutwa kwenye ulalo wa mstatili hutoa eneo sawa na maeneo yanayotolewa na urefu na upana kwa pamoja. Shuleni tuliifahamu kwa jina la Pithagorasi, na sina ugomvi na Wagiriki. Ninachotaka kionekane ni kwamba hapa imetamkwa na watu wenye kamba mkononi na sadaka mbele yao.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa madhabahu ya moto yenye umbo la mwewe aliyekunjua mabawa, kwa kuwa andiko la Veda linasema kwamba anayetamani mbingu aijenge kwa umbo la ndege huyo. Ilipangwa kwa matabaka matano ya matofali 200 kila moja, jumla 1,000, na viungo vya tabaka moja havikutakiwa kulaliana na viungo vya tabaka lililo chini yake. Eneo lake lilikuwa miraba saba na nusu, na upande wa kila mraba ulikuwa kimo cha mwenye kutoa sadaka akiwa ameinua mikono juu, hata mwili wa mtu ukawa ndio rula ya madhabahu yake. Aliyeirudia sadaka alitakiwa kuongeza mraba mmoja kila mara, yaani 8.5, kisha 9.5, na kuendelea mpaka 101.5, bila kuligeuza umbo. Hapo hakuna njia ya mkato. Anayetaka kumkuza ndege kwa kiasi kamili huku mabawa, mkia na kiwiliwili vikibaki katika uwiano wao wa kwanza analazimika kutafuta vipeuo vya pili, apende asipende.

Kwa kipeuo cha pili cha 2 wanatoa kanuni ifuatayo: chukua kipimo, ongeza theluthi yake, ongeza robo ya theluthi hiyo, kisha punguza sehemu moja ya 34 ya robo hiyo. Matokeo ni 1.4142157, ilhali thamani ya kweli ni 1.4142136. Katika mraba wenye upande wa mita 10, kosa la ulalo halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na hakuna jicho lililokuwa uwanjani ambalo lingeliona. Hata hivyo neno wanalolitumia kwa kipimo hicho, savishesha, wataalamu wengi hulisoma kuwa na maana ya kitu chenye masalio. Naliheshimu sana neno hilo. Mtu ambaye kipimo chake kimetosha kwa kila haja ya kazi, na bado akasema kuna kitu kimebaki, ana adabu ya mwanahisabati na ya mcha Mungu kwa pamoja.

Matofali yakishapangwa, kuhani huyaombea. Katika Yajurveda, mojawapo ya Veda hizo, imo dua anayomwomba Agni, mungu wa moto, ayafanye matofali hayo yawe ng'ombe wake wa maziwa, kisha anayataja kwa hesabu: moja, kumi, mia, elfu, akizidisha kwa kumi kila mara na kila hatua ikiwa na jina lake, mpaka parardha, ambayo ni 1 ikifuatwa na sifuri 12. Katika maisha ya wafugaji wa enzi zile hakukuwa na zizi lililohitaji hesabu ya kufika huko. Nadhani dua ndiyo iliyowavusha, kwa kuwa mtu anapoomba haoni sababu ya kuishia kwenye idadi ya ng'ombe alionao.

Sadaka hii haikubaki vitabuni. Mwezi Aprili 1975, katika kijiji cha Panjal huko Kerala, Wabrahmani wa Nambudiri, jamii ya makuhani wa huko, waliitekeleza kwa siku 12 mbele ya kamera na watafiti waliokusanywa na Frits Staal, mtaalamu wa mambo ya India, na ndege wa matofali akajengwa tabaka kwa tabaka mbele ya macho yao. Siku ya mwisho banda lililofunika uwanja lilitiwa moto kama desturi inavyotaka.

Baada ya kamba huja sauti, na hapa msomaji aliyekulia kwenye tenzi ana faida. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, jumla 32, na mtunzi akizidisha mizani moja sikio linakataa. Shloka ya Kisanskriti, iliyobeba sehemu kubwa ya maandiko ya Kihindu, nayo ina vipande vinne vya silabi nane nane, jumla 32. Sidai kwamba huyu alimfundisha yule. Nasema tu kwamba anayehesabu mizani kwa vidole ameshafika mlangoni pa Pingala, bingwa wa arudhi, yaani elimu ya vipimo vya mashairi, aliyeishi kabla ya Kristo. Arudhi ilihesabiwa kuwa mojawapo ya viungo sita vya elimu ya Veda, pamoja na sarufi na elimu ya nyota, kwa sababu mantra, yaani maneno matakatifu ya ibada, iliyotamkwa vibaya ni sadaka iliyoharibika. Silabi za Kisanskriti ni nyepesi au nzito, na Pingala aliuliza: mstari wa silabi nane unaweza kupangwa kwa namna ngapi? Kila nafasi ina chaguo mbili, hivyo jibu ni 256. Hakuishia hapo, kwani alitoa njia ya kuziorodhesha namna zote bila kurudia, na njia ya kuitambua namna fulani ni ya ngapi katika orodha bila kuiandika orodha yenyewe. Kwa macho ya leo, hiyo ni hesabu ya msingi wa mbili, ile inayoendesha kompyuta.

Waliomfuata walihesabu muda badala ya idadi ya silabi: nyepesi huchukua pigo moja, nzito huchukua mawili. Mapigo manne yanajazwa kwa namna tano: nzito mbili; nzito kisha nyepesi mbili; nyepesi, nzito, nyepesi; nyepesi mbili kisha nzito; au nyepesi nne. Mapigo matano yana namna nane, sita yana 13, na kila idadi ni jumla ya mbili zilizoitangulia, kwa sababu mstari hauna budi kuishia ama kwa nyepesi ama kwa nzito. Hemachandra, mtawa wa dini ya Kijaini huko Gujarat, aliieleza kanuni hiyo mnamo 1150, naye hakuwa wa kwanza katika nchi yake. Fibonacci wa Pisa, ambaye mfululizo huo wa namba unaitwa kwa jina lake, aliandika kitabu chake mwaka 1202. Kadhalika pembetatu ya namba ambayo Wazungu huiita ya Pascal imeelezwa na Halayudha, mfafanuzi wa Pingala wa karne ya 10, kwa jina la Meru, mlima ambao kwa Wahindu ni kitovu cha dunia.

Wale waliohifadhi Veda kwa kichwa walikwenda mbali kwa njia yao wenyewe. Katika mtindo wa usomaji uitwao ghana, maneno matatu husomwa moja mbili, mbili moja, moja mbili tatu, tatu mbili moja, moja mbili tatu, ndipo msomaji asogee neno moja mbele na kuanza tena. Neno likidondoka au silabi ikigeuka, mpangilio wenyewe humshitaki. Mtoto anayefundishwa hivyo tangu utotoni hujifunza mpangilio kwa ulimi kabla ya kujua kwamba una jina.

Kuhusu Wajaini, ambao wakazi wa pwani ya Kenya wanalijua hekalu lao la marumaru mjini Mombasa, nitasema machache ingawa wanastahili mengi. Wao wanaamini kwamba ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho, na imani hiyo iliwalazimisha kufikiri kwa utaratibu juu ya wingi. Waligawa namba katika makundi matatu, zinazohesabika, zisizohesabika na zisizo na kikomo, na wakasema kwamba hata zisizo na kikomo hazilingani zote. Ili kueleza mwisho wa kuhesabika walimtaka mwanafunzi awaze shimo lenye upana wa bara zima la dunia yao, lijazwe punje za haradali, na hata hapo kazi iwe ndiyo kwanza inaanza. Nisingependa mtu aseme kwamba walimtangulia Georg Cantor, kwa sababu Cantor wa karne ya 19 alithibitisha na wao walitamka. Lakini kuthubutu kutamka kwamba visivyo na kikomo vinazidiana si jambo dogo. Mahavira, mwanahisabati wa Kijaini wa karne ya 9, anaanza kitabu chake kwa kumsalimu Jina, mshindi wa nafsi, kisha anasifu hesabu kwa kusema kwamba hakuna kilichomo katika ulimwengu zote tatu kinachoweza kuwepo bila hiyo.

Turudi kwenye sifuri, maana hapo ndipo madai makubwa hutolewa. Husemwa kwamba utupu wa Wabudha, ule ambao mwanafalsafa wao Nagarjuna aliufundisha kwamba kila kitu hakina asili yake inayojitegemea, ndio uliozaa sifuri. Neno ni moja, shunya, na ninaelewa kwa nini fikra hiyo inavutia. Lakini Brahmagupta, mwanahisabati aliyeandika kanuni za sifuri mwaka 628, hatumii lugha ya watawa. Anazungumza kwa lugha ya duka: namba chanya ni mali, namba hasi ni deni; deni ukiliondoa katika sifuri huwa mali; deni mara deni ni mali. Ninachoweza kukubali ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: katika jamii ambamo utupu ulikuwa neno la heshima, mwandishi hakuona aibu kuuandikia alama na kuuwekea kanuni.

Mfano wenye nguvu zaidi unakwenda kinyume, kutoka hisabati kuelekea ibada. Bhaskara, aliyezaliwa mwaka 1114, anapofika katika kitabu chake cha aljebra kwenye namba iliyogawanywa kwa sifuri, anasema kwamba kiasi hicho hakibadiliki hata kikiongezwa au kupunguzwa mengi, kama vile Mungu asiye na mwisho wala mabadiliko asivyoongezeka wakati viumbe wanapomezwa ndani yake mwisho wa zama, wala kupungua wanapotoka tena wakati wa kuumbwa upya. Aliyelelewa katika dini hiyo angeisikia humo sala ya Upanishadi, maandiko ya hekima ya Wahindu, isemayo kwamba kamilifu ikitolewa katika kamilifu, inayobaki ni kamilifu. Mwalimu wa hisabati wa leo hatampa alama, maana kugawanya kwa sifuri hakuna jibu, na ukikubali jibu la Bhaskara kanuni nyingine zinavunjika. Kwangu uzito uko kwingine. Hesabu ilipomfikisha ukingoni, mahali ambapo mtangulizi wake Brahmagupta alikuwa ameteleza kwa kusema sifuri kugawanya kwa sifuri ni sifuri, Bhaskara alikuwa na lugha iliyokwisha kuzoea kuongea juu ya kisichopungua, akaitumia.

Haitakuwa haki kusimulia upatano peke yake. Mwaka 499 mwanahisabati Aryabhata, akiwa na miaka 23, aliandika kwamba mwezi hupatwa unapoingia katika kivuli cha dunia, na jua hupatwa mwezi unapolifunika. Maandiko ya dini yalisema ni Rahu, kichwa cha jitu, kinachovimeza vyote viwili. Brahmagupta alijua hesabu ya vivuli barabara, na kanuni zake za kupatwa zinaitumia, lakini katika kitabu hichohicho anawashambulia wanaomkana Rahu kwa sababu wanakwenda kinyume cha maandiko. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu aliyejifunza Kisanskriti na kuandika juu ya India mnamo 1030, alisoma kifungu hicho akasikitika. Alihisi kwamba mtu mwenye elimu kama hiyo hangeandika vile isipokuwa kwa kuogopa yaliyompata Socrates, Mgiriki aliyeuawa kwa ajili ya mafundisho yake. Dini ile iliyoitaka kamba ikae sawa ndiyo iliyomfanya bingwa wa zama zake akane hadharani alichokipima mwenyewe. Anayetaka kuzungumzia hisabati na roho nchini India na asiitaje hofu hiyo anaacha nusu ya habari.

Huko Kerala, karne kama nane baada ya Brahmagupta, mambo yalikwenda kwa amani zaidi. Wakati wa ibada nchini India huhesabiwa kwa tithi, na tithi moja hukamilika kila mwezi unapoliacha jua kwa nyuzi 12; saumu ya ekadashi huangukia tithi ya 11, na mwezi mpya wa Diwali nao hutafutwa kwa hesabu hiyohiyo. Sisi tunaojua jinsi mji mmoja unavyoweza kugawanyika juu ya mwezi wa Ramadhani tunaelewa uzito wa jambo hili. Ili kuipata nafasi ya mwezi bila kukosea, wanafunzi wa Madhava wa Sangamagrama, aliyefariki mnamo 1425, walirithi kutoka kwake mifululizo isiyo na mwisho ya sini na ya duara, miongoni mwake ule unaotoa robo ya pai kwa 1 toa theluthi, jumlisha sehemu ya tano, toa sehemu ya saba, na kuendelea bila kikomo. Ulaya iliupata katika karne ya 17. Nilakantha, mkubwa wa warithi wake, alibeba cheo cha Somayaji, yaani mtu aliyetekeleza sadaka ya soma, ile yenye uwanja wa hatua 36.

Katika mnyororo huo wa walimu na wanafunzi alikuwamo mshairi Melpathur Narayana Bhattathiri, aliyefundishwa na mnajimu Achyuta Pisharati. Alitunga utenzi mrefu wa kumsifu Krishna wa hekalu la Guruvayur, na mapokeo yanasema alikuwa mgonjwa akaponywa. Neno la mwisho la utenzi ni ayurarogyasaukhyam: umri mrefu, afya na furaha. Lakini Kerala walikuwa na desturi ya kuzipa herufi thamani za namba na kuzisoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Soma neno hilo kwa desturi hiyo upate 1,712,210, ambayo ni idadi ya siku zilizopita tangu kuanza kwa zama za Kali, ndizo zama za sasa kwa hesabu ya Wahindu, hadi siku utenzi ulipokamilika, mwaka 1586. Dua ya mgonjwa na tarehe ya kalenda zimekaa katika silabi zilezile, na hakuna inayoisukuma mwenzake.

Ndiyo maana naumizwa na kinachouzwa leo kwa jina la hisabati ya Veda. Kitabu chenye jina hilo kilichapishwa mwaka 1965 kutoka katika maandishi ya Bharati Krishna Tirthaji, kiongozi wa kidini wa Puri aliyefariki mwaka 1960, nacho kina kanuni fupi 16 zinazodaiwa kutoka katika Veda. Hazimo katika matini yoyote ya Veda inayojulikana, na hata mhariri wa kitabu alikiri kwamba lugha yake inaelekeza kwa mwandishi mwenyewe. Kanuni zenyewe hazina ubaya. Ukitaka 98 mara 97, moja imepungukiwa 2 na nyingine 3 kufika 100; toa 3 katika 98 upate 95, zidisha 2 kwa 3 upate 06, na jibu ni 9,506. Mtoto hufurahi, na mwenye aljebra ya sekondari anaweza kueleza kwa mistari miwili kwa nini inafanya kazi. Ubaya ni kwamba mtoto huyo anaambiwa huu ndio urithi wake, hali Apastamba na kamba yake, Hemachandra na mapigo yake, Madhava na mifululizo yake hawatajwi. Mtu aliyefanya kazi ya kweli anafukiwa chini ya sifa ambayo hakuiomba.

Na Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati maarufu wa India? Alizaliwa Erode mwaka 1887, akakulia Kumbakonam, mji wa mahekalu, na aliwaambia marafiki zake kwamba mungu wa kike Namagiri wa Namakkal, aliyeabudiwa nyumbani kwao, ndiye aliyemletea fomula ndotoni. G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge aliyepokea barua yake ya Januari 1913 na kumwita Uingereza, alikofika mwaka uliofuata, hakupenda habari hizo. Alishika kwamba dini ya Ramanujan ilikuwa ya kufuata desturi, na akakumbuka Ramanujan akimwambia kuwa dini zote zilionekana kwake karibu kuwa za kweli sawasawa. Sioni kwa nini tumwamini Hardy zaidi ya majirani wa Kumbakonam katika jambo la moyo, wala majirani zaidi ya Hardy katika jambo la uthibitisho. Ramanujan alifanya hesabu zake kwenye kibao cha shule kwa sababu karatasi ilikuwa ghali, akifuta kwa kiwiko, na daftarini aliingiza matokeo tu. Baadhi ya aliyomwandikia Hardy kuhusu namba tasa hayakuwa sahihi, na kutoka ndotoni hakukuyaokoa. Mengine yamewachukua wanahisabati wa karne nzima kuyathibitisha, na barua yake ya mwisho kwa Hardy, ya Januari 1920, iliyoandikwa akiwa mgonjwa miezi michache kabla ya kufa, ilikuwa imejaa fomula mpya. Mkono uliokuwa ukifuta kibao mara elfu ndio ninaouona kuwa mkono wa mcha Mungu, sawa na ule uliovuta kamba.

Kuna mikono mingine ambayo historia hii imeipita. Veda zilifungwa kwa wanawake na kwa watu wa matabaka ya chini, na matofali ya madhabahu hayakubeba jina la aliyeyafinyanga. Lakini katika Tamil Nadu, mkoa uleule wa Ramanujan, mwanamke huamka kabla ya jua, hufagia na kunyunyizia maji mbele ya mlango wake, kisha huchota unga wa mchele kwa vidole na kudondosha nukta katika safu zilizonyooka. Akimaliza nukta huanza mstari, mmoja usiokatika, unaozunguka kila nukta bila kuigusa, unaojikata wenyewe kwa ulinganifu pande zote na kurudi mahali ulipoanzia. Huo ndio kolam, makaribisho kwa Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na chakula kwa sisimizi na ndege. Katika miaka ya 1970, Gift Siromoney na wenzake huko Madras walionyesha kwamba michoro hiyo inafuata sarufi rasmi za aina ileile inayochunguzwa katika nadharia ya kompyuta, sarufi ambazo mabinti walikuwa wakizipokea kwa mama zao kwa kutazama. Hakuna anayepima kwa rula. Asubuhi ikipanda watu huukanyaga wakienda kazini, kuku hudonoa pembeni, na kufikia mchana hubakia weupe hafifu kwenye udongo, mpaka alfajiri inayofuata mkono uingie tena katika bakuli la unga.